Kazi Njema, Fundi

Mtaa mzima ulikuwa na nondo madirishani isipokuwa dirisha moja. Juu ya kuta vilipandwa vipande vya chupa, magetini yalining'inia makufuli ya ukubwa wa ngumi, na nyumba kadhaa zilibandika kibao cha "Mbwa Mkali" ilhali mbwa mwenyewe hajawahi kuonekana wala kubweka, na ukiuliza sana utaambiwa amelala. Katikati ya ngome zote hizo, dirisha la fundi cherehani lilikaa wazi kutwa, mbao zake mbili zimefunguliwa hadi zikagusa ukuta. Nyuma yake aliketi mwanamke mtu mzima aliyekula chumvi ya kutosha, mguu kwenye pedali, uso kwenye mwanga. Watu walimwita Mama Dirisha. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho, na kitambulisho kilikuwa chini ya nguo kabatini.

Alipoulizwa kwa nini hataki nondo, alijibu kwamba nondo zinamwekea mistari juu ya kitambaa, hajui tena ipi ni ya chaki na ipi ni ya kivuli. Watu walicheka, wakasema mama huyu haogopi kitu.

Miaka michache nyuma mtaa ule ulikuwa umeshindikana kwa wizi. Nguo zilianuliwa kambani zikiwa bado mbichi. Viatu viliondoka mlangoni mwenyewe akiwa ndani anakunywa maji. Kuna sufuria liliibwa jikoni likiwa motoni, na maji yake yakichemka, na mpaka leo watu wanabishana mwizi alilishika wapi asiungue. Hata taa ya barabarani, iliyoletwa makusudi kuzuia wizi, iliibwa yenyewe, ikabaki nguzo. Watu waliacha kuaga wanapotoka, maana kuaga ni kumtangazia mwizi kwamba nyumba iko tupu.

Halafu Mama Dirisha akarudisha cherehani chake kutoka chumba cha nyuma, alikokuwa amekipeleka alipofiwa na mume, akakiweka tena hapo mbele. Tangu hapo wizi ukaanza kushuka. Kwenye mkutano wa mtaa Mwenyekiti alisimama, akakohoa, akasema hali ya usalama imeimarika kutokana na juhudi za kamati. Mwalimu, mama mstaafu aliyekaa nyumba ya ng'ambo, alisema imeimarika kwa sababu hakuna kilichobaki cha kuiba. Lakini muuza matunda wa pembeni, ambaye kila mtu alimwita Redio kwa kuwa habari haikulala kwake, aliruka juu akasema, "Jamani, tuseme ukweli! Ni yule mama! Mwizi gani atapita mbele ya macho yale?" Mkutano ukapiga makofi. Mama Dirisha akainamisha kichwa, na wote wakasema ni unyenyekevu.

Haukuwa unyenyekevu. Macho yale hayakuona hata nani anapiga makofi.

Alirudi dirishani akifuata mwanga, basi. Ukungu ulikuwa umemwingia taratibu, kwanza jicho moja, kisha la pili, bila maumivu, kama mtu anayepumulia kioo. Alipata kusikia kwamba ugonjwa huo unaitwa mtoto wa jicho, akacheka peke yake: maisha yote amejaliwa binti mmoja, sasa uzeeni anaongezewa mapacha. Binti huyo alikuwa mpishi wa shule. Kila asubuhi kabla ya kutoka alimtungia mama yake uzi kwenye sindano nyingi, akazichoma kwenye mto mdogo, na alidhani tatizo ni tundu za sindano tu. Mengine yote yalifanywa na vidole. Vidole vilijua pamba na hariri ya bandia, vilijua pindo limefika wapi, vilijua hata mteja amenenepa tangu alipopimwa mara ya mwisho, ingawa hilo hawakulisema.

Na kwa kweli, Mama Dirisha hakuuchukia ule ukungu. Dunia ya ng'ambo ya dirisha ilikuwa imelainika. Wekundu uliokaa pembeni ulikuwa mwavuli wa Redio. Weupe uliopita kwa kelele na kupotea ulikuwa watoto wa shule. Vitu vya kijani vilipita, vya njano vilipita, vikachanganyika na kuachana, na sauti ya cherehani ikavisukuma polepole, tika-tika-tika, mpaka yeye mwenyewe asijue kama anashona au anaelea. Alikaa hapo akiota macho wazi. Nani angejua? Mtu anayetazama na mtu anayeota hukaa vilevile.

Kulikuwa na neno moja tu alilokwepa: nani. Mtu akimsalimu dirishani, alijibu kana kwamba amemwona tangu alikotoka. "Salama, mwanangu. Nyumbani hawajambo? Haya, wasalimie." Kuuliza "nani?" kungemwaga mtama mbele ya kuku wengi. Nani atamletea kitambaa chake fundi asiyeona mkasi unapokata? Na mtaa wenyewe, uliolala usingizi mzuri kwa sababu yake, ungelalaje? Basi alijibu kila sauti, akamjua kila mtu kwa kubahatisha, na mara nyingi alibahatisha sawa.

Ndani ya chumba kile kulikuwa na meza ya pili, ndogo, imefunikwa kitambaa. Ilikuwa ya marehemu mume wake, fundi saa. Alipokufa, saa zake za ukutani ziliendelea kidogo, kisha zikasimama moja baada ya nyingine kwa kukosa wa kuzitia ufunguo, na mjane hakutaka kuzigusa. Maisha yao yote waliitana fundi. Mume akitoka kwenda kutafuta vipuri alikuwa akizunguka nje, anaingiza kichwa dirishani kama mteja asiyejulikana, anasema kwa sauti nzito ya kujitia, "Habari ya kazi, fundi?" Na yeye, bila kuinua uso, hujibu, "Salama, fundi. Kazi njema." Huo ndio ulikuwa utani wao na haukuchuja. Akirudi hubisha mlango. "Nani?" "Mimi." "Mimi nani?" "Mimi wako." Watu wazima wale, walikuwa kama wamerogwa.

Siku yenyewe ilikuwa ya joto, mchana, saa ambayo mtaa huwa mtupu na hata nzi hutafuta kivuli. Mama Dirisha alikuwa anakunja pindo za mapazia ya Mwalimu. Kitambaa kilikuwa chepesi, cha buluu ya kufifia, kirefu mno, kikateremka kutoka kwenye cherehani, kikajaa magotini, kikamwagika sakafuni mpaka miguu yake ikapotea. Upepo mdogo ukakiinua na kukishusha. Akajiona amekaa majini. Akamwona mume wake ufukoni mwa maji hayo, ameshika saa sikioni, anaisikiliza, anatikisa kichwa.

"Habari ya kazi, fundi?"

Sauti ilitoka dirishani, nzito kidogo.

"Salama, fundi," akajibu Mama Dirisha, na moyo ukamjaa furaha mpaka kooni. "Kazi njema."

Kitu cheusi kilipita kwenye mwanga, kina nundu begani, kikayeyuka upande wa barabara kubwa. Akaendelea kushona huku akitabasamu. Alishona vizuri sana siku ile, na kwa muda huo wote hakuwa mjane.

Ukelele wa Mwalimu ndio uliomtoa majini. Mwalimu alikuwa amerudi kutoka mjini, akakuta kufuli la jikoni limevunjwa na mtungi wake wa gesi umeng'olewa, mpira ukining'inia. "Nimeibiwa! Jamani, nimeibiwa mchana kweupe!" Milango ikafunguka, kandambili zikapiga sakafu, na kufumba na kufumbua mtaa uliokuwa umekufa ukafufuka wote.

"Mbele ya Mama Dirisha?" mtu akauliza kwa mshangao. "Haiwezekani."

"Inawezekana," akasema Redio, na sauti yake ilikwisha panda hewani. "Nilikuwa nasinzia pale kwangu, lakini masikio hayasinzii. Nimemsikia mama mwenyewe akimuaga mtu. Kamwambia, 'Salama, fundi, kazi njema.' Sikuinua kichwa, nikajua ni fundi. Fundi gani yuko mtaani wiki hii?"

Hakuna aliyehitaji kujibu. Wiki ile yote kijana mmoja fundi bomba alikuwa akichimba na kuunganisha mabomba nyumba ya mwisho. Hakuwa wa mtaa huo. Alivaa ovaroli ya buluu, aliimba akifanya kazi, na kila asubuhi alisimama dirishani, "Shikamoo, mama," akaomba maji ya kunywa, akarudisha kikombe kwa mikono miwili. Mama Dirisha alimpenda kwa ajili ya kikombe hicho.

Na bahati ilivyo mbaya, kijana akatokea kona ileile wakati ule, anatoka dukani, gunia begani.

Mama Dirisha hakuona walivyomshika. Alisikia. Alisikia gunia likianguka na vyuma vikilia ndani yake, na mtu akasema, "Mabomba tu," na mwingine akajibu, "Mtungi keshauuza!" Alisikia kitambaa kikichanika, na sauti ya kitambaa kuchanika hakuna anayeijua kuliko fundi cherehani. Kisha kutoka nyuma ya kundi likatoka lile neno, halijulikani kinywani mwa nani, "Mwizi!", na likarudiwa.

Mtaa wa pili, wakati wizi ulipokuwa juu, neno hilohilo lilimwangukia mtu mmoja aliyekuwa anakimbia. Baadaye ikajulikana alikuwa anawahi basi. Kiatu chake kimoja kilibaki barabarani siku nyingi. Watu walikiruka, hakuna aliyekigusa, hata wezi hawakukigusa. Mama Dirisha wakati huo alikuwa bado anaona. Alikiona.

"Tulieni!" Mwenyekiti alikuwa amefika, anahema. "Hakuna kupiga mtu. Tuna shahidi. Mleteni hapa dirishani." Akaja karibu, akalainisha sauti kama mtu anayezungumza na mgonjwa. "Mama yangu, neno moja tu. Huyu ndiye uliyemuaga? Sema ndiyo, tumpeleke panapohusika. Hawezi kukufanya kitu, tupo hapa."

Mbele yake kulikuwa na ukuta wa rangi zinazopumua. Mahali fulani ndani ya ukuta huo mtu alikuwa analia kwa kujizuia. "Mama," sauti ikasema, "shikamoo, mama. Waambie."

Na salamu hiyo ndiyo iliyomchoma. Kijana yule kila siku humwamkia shikamoo. Aliyepita alisema habari ya kazi. Huyo hakuwa kijana huyu. Lakini hakuwa mume wake vilevile, maana mume wake amelala kaburini na saa zake zimesimama. Alikuwa mtu. Mtu mwenye mtungi begani alisimama hapa, mbele ya pua yake, akamsalimu kwa dharau au kwa kubahatisha, na yeye akamtakia kazi njema.

"Sikumuaga huyu," akasema.

"Ulimuaga nani?"

Nje watu walisubiri.

"Nilimuaga mume wangu."

Minong'ono ikaenea. Mtu akasema joto. Mwingine akasema maskini, uzee. Redio, ambaye hakuwa na ubaya ila mdomo, akasema kwa huruma, "Mama anamwonea haya kijana. Si anampa maji?"

"Huyu huniamkia shikamoo kila siku," Mama Dirisha akajitahidi. "Yule hakuniamkia. Alisema habari ya kazi, fundi. Vile alivyokuwa akisema marehemu."

"Ah, mama, leo mwizi aamkie?" mtu akamkatiza, na wengine wakacheka kicheko kibaya. Kundi likasogea. Kitambaa kikachanika tena.

Ndipo akajua kwamba ukweli nusu hautamwokoa mtu. Akapiga moyo konde. Alisikia aibu ikimpanda shingoni moto moto, kama msichana aliyekamatwa na uongo.

"Mwenyekiti, mimi sioni."

"Huoni nini, mama?"

"Sioni. Macho yameziba. Sikuoni wewe. Siwaoni nyote. Naona rangi."

Mtu alicheka, akanyamaza alipoona wenzake hawajacheka. Mwenyekiti alishusha pumzi. "Mama, usimtetee mtu kwa maneno hayo. Wewe ndiye jicho la mtaa huu. Umenishonea suruali hii juzi."

"Juzi nimekushonea kwa vidole. Kama huamini, wapange watu hapa mbele ya dirisha, kijana huyo akiwa miongoni mwao. Wanyamaze wote. Nikimtambua, mfanye mnavyotaka."

Wakapangana. Pakawa kimya kiasi kwamba alisikia kitone cha mafuta ya cherehani kikidondoka kwenye kibati chake. Mama Dirisha alisimama, akashika kizingiti cha dirisha, akatoa macho. Nitasema jambo ambalo yeye mwenyewe alikuja kulikiri kwa binti yake: alijaribu kwa dhati. Ndani kabisa, palepale alipotaka ijulikane kwamba haoni, alitamani aone. Alitaka macho yamfanyie hisani mara hii tu, mbele ya watu waliompigia makofi. Akatafuta buluu ya ovaroli. Akaipata, imesimama mkono wa kulia, ndefu, mabega mapana, imeinama kidogo kama mtu aliyeonewa.

"Huyu hapa," akasema, akanyoosha mkono nje ya dirisha lisilo na nondo, akashika mkono wa shati. "Huyu ndiye kijana wangu wa maji."

"Mama," ikasema sauti ya Mwenyekiti kutoka juu ya ule mkono wa shati, taratibu sana, "huyu ni mimi."

Kundi likaanza kulegea. Hakuna aliyetangaza lolote. Miguu tu ilianza kuburuzika, mtu akaokota bomba moja na kulirudisha guniani, mwingine akajitia kupangusa vumbi kwenye ovaroli ya kijana, naye kijana akamwondoa mkono. Wakaondoka shingo upande. Mwalimu alibaki amesimama mwisho wa wote, kufuli lililovunjika mkononi. "Kumbe pindo zote zile," akasema, na hakumaliza.

Jioni ile binti alimkuta mama yake ameketi chumba cha nyuma, gizani, mbao za dirisha la mbele zimefungwa. Alikuwa amekwisha hadithiwa yote na Redio kabla hajafika mlangoni. Alilia, akamgombeza, akalia tena. "Kwa nini hukuniambia, mama? Mtoto wa jicho huondolewa. Watu wanafanyiwa wanarudi kushona."

"Ningekuambia, ungeniondoa dirishani."

"Ningekuondoa kwa muda tu!"

"Kule dirishani baba yako hupita," mama akasema. Binti akamtungia uzi kwenye sindano za kesho, ingawa hakuna aliyejua kama kesho kutakuwa na kazi.

Wateja wawili watatu walikuja kuchukua vitambaa vyao, kwa adabu, wakisema wamebadili mawazo. Mama Dirisha hakuwalaumu. Siku hizo dirisha lilipofungwa mtaa ulipooza. Watu walipita wakitazama zile mbao, wakaharakisha. Ajabu ni kwamba walikuwa wamejua sasa kwamba halikuwalinda kamwe, na bado walilitaka. Hatimaye Mwalimu alivuka barabara, akabisha.

Ndani ikasikika sauti ambayo mtaa haukuwahi kuisikia ikiuliza swali hilo.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

Mwalimu akacheka bila kutaka. Miaka yote amefundisha watoto kwamba "mimi" si jibu. "Mimi Mwalimu, jirani yako wa mapazia. Fungua dirisha nione pindo zangu, na bado limebaki pazia langu moja."

Akafungua. Mwalimu akakaa naye asubuhi hiyo, miwani puani, anamwonyesha chaki kwa kumshika kidole na kukiburuta juu ya mstari. Redio alipita, akasita, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akapunguza sauti. "Mama, ni mimi Redio. Napita kwenda kuchukua ndizi. Narudi." Aliporudi akasema, "Ni mimi tena, nimerudi." Aibu ndiyo iliyomfundisha. Wengine wakamwiga, kwanza kwa utani, baadaye kwa mazoea, mpaka watu wazima wakawa wanapita mbele ya dirisha lile wakijitangaza kama watoto wanaoitwa darasani: mimi baba wa mapacha, mimi mama mkwe wa dereva, mimi Mwenyekiti, usinishike shati. Aliyekuwa na haraka akapaza sauti kutoka mbali. Watu ambao kwa miaka walitoka kimyakimya kwa kuogopa mwizi, sasa waliaga kwa sauti.

Fundi bomba alichelewa kuja. Alikuja siku ambayo kazi yake ilikwisha. Alisimama dirishani, na Mama Dirisha alisikia pumzi yake, akangoja.

"Shikamoo, mama. Ni mimi. Fundi bomba."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe."

Kijana hakusema amesamehe. "Wangeniua, mama," akasema. Kisha akapitisha kitu dirishani, akakiweka mapajani mwake. Ilikuwa ovaroli. Bega lilikuwa limechanika mpaka kifuani. Alilishona palepale, yeye amesimama nje anangoja, na kwa mara ya kwanza hakuficha: aliuliza pa kuanzia, aliuliza kama rangi ya uzi inafanana. Haikufanana. Mshono ulikwenda segemnege. Kijana aliivaa ovaroli hivyohivyo, akanywa maji, akarudisha kikombe kwa mikono miwili, akaondoka.

Sasa kulikuwa kumebaki siku chache binti ampeleke hospitali. Mchana wa joto tena, mtaa mtupu, mwavuli mwekundu umetulia pembeni. Kitambaa kilikuwa cheupe mara hii, kimemjaa magotini. Cherehani kilikwenda, tika-tika-tika, na maji yakaanza kupanda, na ng'ambo ya maji mtu ameshika saa sikioni.

"Habari ya kazi, fundi?"

Kivuli kilikuwa kimesimama kwenye mwanga, na sauti ilikuwa ileile. Nzito kidogo. Moyo wake uliruka kwenda kuipokea, na jibu lilikuwa tayari limefika kwenye ulimi, tamu, la miaka yote. Angelisema tu. Angelisema, na hangekuwa mjane mpaka jioni.

Akaondoa mguu kwenye pedali. Cherehani kikanyamaza, na mtaa, uliokuwa umezoea mlio wake kuliko ulivyojijua, ukausikia ukimya. Mahali fulani komeo likavutwa. Mwavuli mwekundu ukainuka.

"Nani?" akauliza Mama Dirisha.

"Mimi," ikasema sauti.

Akashika kizingiti kwa mikono yote miwili. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyapangusa.

"Mimi nani?"

Akasubiri. Alisubiri kwa muda mrefu kuliko mlinzi yeyote angesubiri, uso umeelekea kwenye kile kivuli, ameacha nafasi ya neno moja tu. Nyuma ya kivuli, ng'ambo ya barabara, mlango wa Mwalimu ulikuwa umefunguka, na mwingine, na mwingine, na watu wakatoka wakasimama barazani, kimya, hakuna aliyeshika jiwe, hakuna aliyelitaja lile neno. Wote walikuwa wanangoja jibu.

Kivuli kikajongea kando. Nyayo zikarudi zilikotoka, mwanzo polepole, baadaye mbiombio, mpaka barabara kubwa ikazimeza.

"Basi si wewe," Mama Dirisha akasema kwa sauti ndogo, akarudisha mguu kwenye pedali.